Dhyan Chand: Askari Aliyeagwa na Watu Watatu

Ndugu msomaji, tarehe 10 Machi 1928 meli iitwayo Kaisar-i-Hind iling'oa nanga katika bandari ya Bombay ikielekea Uingereza. Miongoni mwa abiria wake walikuwamo vijana wachache waliobeba magongo ya kuchezea. Hao walikuwa tima ya kwanza ya mpira wa magongo ya India kwenda kushindana katika Michezo ya Olimpiki, ambayo mwaka huo ilifanyika Amsterdam, Uholanzi. Waliofika gatini kuwaaga walikuwa watu watatu tu. Miezi michache baadaye vijana hao hao walirejea na medali ya dhahabu, na bandari ile ile ikafurika maelfu ya watu, kila mmoja akitaka japo kuwaona kwa mbali.

Mmoja wa vijana wale alikuwa askari wa cheo cha chini, mfupi wa maneno, aliyeitwa Dhyan Chand. Ijumaa ya leo tumeona tusimulie maisha yake, kwani ndani yake mna mazingatio makubwa juu ya jambo linalotugusa sote: ni nani anayesimama na mtu kabla hajashinda, na ni nani anayebaki naye baada ya shangwe kwisha. Dhyan Chand alikuwa Mhindu kwa dini. Lakini historia yake haisimuliki bila ya kuwataja Waislamu, Masingasinga na Wakristo aliocheza nao bega kwa bega, na wala haisimuliki bila ya kuitaja pwani yetu ya Afrika Mashariki, kama tutakavyoona.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Dhyan Chand alizaliwa tarehe 29 Agosti 1905 katika mji wa Allahabad, kaskazini mwa India, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Dhyan Singh. Baba yake, Sameshwar Singh, alikuwa askari katika jeshi la Waingereza nchini India, naye pia alikuwa akicheza mpira wa magongo jeshini.

Maisha ya askari ni maisha ya kuhamahama. Kila baba alipohamishwa, familia nzima ilifunga mizigo na kumfuata. Kwa sababu hiyo masomo ya mtoto huyu yalikatika baada ya miaka sita tu ya shule. Hatimaye familia ilipata kipande cha ardhi katika mji wa Jhansi, na huko ndiko ilikotulia. Mji huo ndio aliouita nyumbani mpaka mwisho wa uhai wake.

Katika utoto wake hakuna dalili iliyoonesha kwamba angekuwa mchezaji wa kutajika. Alipenda zaidi mieleka kuliko mpira. Akiwa na watoto wenzake alichezacheza kwa fimbo kama watoto wote wafanyavyo, pasipo mwalimu wala kiwanja.

ASKARI CHINI YA MBALAMWEZI

Tarehe 29 Agosti 1922, siku aliyotimiza miaka 17, Dhyan Singh alijiunga na jeshi akiwa askari wa kawaida. Huko ndiko alikokutana na mtu aliyebadili maisha yake, ofisa wa ngazi ya kati aliyeitwa Bale Tiwari, ambaye aliupenda sana mpira wa magongo. Bale Tiwari alimshika mkono kijana huyu, akamfundisha misingi ya mchezo na kumwonesha siri zake.

Mchana ulikuwa wa kazi za jeshi, na viwanja vya kambini havikuwa na taa. Basi inasimuliwa kwamba kijana huyu alizoea kungoja mwezi uchomoze, kisha hutoka peke yake kwenda kufanya mazoezi katika mwanga wake. Wenzake wakaanza kumwita Chand, neno ambalo katika Kihindi na Kiurdu maana yake ni mwezi. Jina hilo likamganda, na lile la Singh likasahaulika.

Tunapenda msomaji atue kidogo hapa. Mara nyingi tunapomwona mtu hodari tunasema amezaliwa nacho, kana kwamba kipaji humwangukia mtu kama embe bivu. Kipaji ni neema, hilo halina shaka. Lakini neema ni amana, na amana hutunzwa kwa jasho. Kijana huyu aliitunza yake usiku, wakati wenzake wamelala na hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Mwaka 1926 jeshi lilipeleka timu New Zealand, na Dhyan Chand akachaguliwa. Timu hiyo ilicheza mechi 21, ikashinda 18, ikatoka sare mbili na kufungwa moja tu. Aliporudi alipandishwa cheo, akawa ngazi moja tu juu ya askari wa kawaida. Kwa askari maskini asiye na elimu kubwa, hiyo ilikuwa hatua ya kushukuru.

AMSTERDAM NA LOS ANGELES

Sasa turejee kwa wale vijana walioagwa na watu watatu. Katika mashindano ya Amsterdam mwaka 1928, India iliifunga Austria 6-0, Ubelgiji 9-0, Denmark 5-0 na Uswisi 6-0. Ilipofika fainali dhidi ya wenyeji Waholanzi, tarehe 26 Mei, timu ilikuwa imepungukiwa sana. Feroze Khan, Shaukat Ali na Kher Singh walikuwa wagonjwa, na Dhyan Chand mwenyewe alikuwa na homa. Hata hivyo aliingia uwanjani kama askari aliyepewa amri. India ilishinda 3-0. Katika mechi tano timu ilifunga mabao 29 bila ya kufungwa hata moja, na kati ya hayo Dhyan Chand alifunga 14.

Miaka minne baadaye mashindano yalihamia Los Angeles, Marekani. Dunia ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na timu tatu tu ndizo zilizofika katika mpira wa magongo. Nahodha wa India alikuwa Mwislamu, Lal Shah Bokhari, na safari hii Dhyan Chand alifuatana na mdogo wake wa tumbo moja, Roop Singh. India iliifunga Japani 11-1, kisha tarehe 11 Agosti 1932 ikaifunga Marekani 24-1. Katika mechi hiyo ya pili Roop Singh alifunga mabao kumi na kaka yake manane. Kati ya mabao 35 ya India katika mashindano yote, 25 yalitoka kwa ndugu hawa wawili.

Mwaka 1935 Dhyan Chand aliiongoza timu kama nahodha katika ziara ya New Zealand na Australia. Zilichezwa mechi 48 na zote wakashinda. Yeye alicheza 43 na kufunga mabao 201. Huko Adelaide alikutana na Don Bradman, bingwa wa kriketi wa Australia, ambaye alistaajabu kuona mtu akifunga mabao kwa wingi kama mpiga kriketi anavyohesabu mikimbio yake.

Pamoja na mabao yote hayo, waliocheza naye hawakumkumbuka kama mtu aliyeung'ang'ania mpira. Keshav Dutt, aliyepata medali za dhahabu mwaka 1948 na 1952, alishuhudia kwamba ubora wa Dhyan Chand ulikuwa kichwani zaidi kuliko mikononi. Alikitazama kiwanja kama mchezaji wa sataranji anavyolitazama bao lake, akajua kila mwenzake yuko wapi na anakwenda wapi. Aliyekaa mahali pazuri zaidi ndiye aliyepewa mpira. Visa vingi vya ajabu vimesimuliwa juu ya gongo lake, kwamba lilikuwa na sumaku au gundi. Sisi tunaona mtu huyu hahitaji hekaya. Hesabu zake zinatosha, na ushahidi wa wenzake unatosha.

BERLIN, TAREHE 15 AGOSTI 1936

Mashindano ya mwaka 1936 yalifanyika Berlin, Ujerumani, wakati wa utawala wa Hitler, na Dhyan Chand alikuwa nahodha. Tarehe 17 Julai, kabla ya mashindano kuanza, India ilicheza mechi ya majaribio na Ujerumani ikafungwa 4-1. Kipigo hicho kilimkosesha nahodha usingizi. Yeye na viongozi wa msafara wakaafikiana kwamba safu ya mbele ina pengo, na mtu wa kuliziba yuko nyumbani India. Ikapelekwa simu ya maandishi ya kumwita Ali Iqtidar Shah Dara.

Dara alikuwa kijana wa Kiislamu wa Punjab, mwenye miaka 21. Aliletwa kwa ndege, jambo lililokuwa adimu mno siku hizo, akafika kabla ya nusu fainali. Siku hiyo Ufaransa ilifungwa 10-0. Tunaiona hekima ya nahodha katika jambo hili. Mtu mwenye sifa kubwa kuliko wote ndiye aliyekiri kwamba peke yake hatoshi, akamwita kijana wa mbali aje amsaidie.

Fainali dhidi ya Ujerumani ilipangwa tarehe 14 Agosti, lakini mvua kubwa ikaiahirisha hadi siku iliyofuata. Chumbani, kabla ya kutoka, meneja msaidizi Pankaj Gupta aliitandaza mbele yao bendera ya rangi tatu ya wapigania uhuru, nao wakaipigia saluti. Hapo tukumbuke kwamba India haikuwa huru, na wachezaji wale walikwenda uwanjani chini ya bendera ya Mwingereza.

Kiwanja kilikuwa kimelowa na kuteleza. Mpaka mapumziko India ilikuwa na bao moja tu. Katika kipindi cha pili Dhyan Chand alivua viatu na soksi akacheza miguu mitupu. Mabao yakaanza kumiminika. Kipa wa Ujerumani aligongana naye na kumvunja jino. Alitoka, akatibiwa, akarudi. Inasimuliwa kwamba hakuwataka wenzake walipize kisasi. Aliwaambia wapunguze kasi ya kufunga na wawaoneshe wapinzani namna ya kuumiliki mpira. Basi wakawa wanaupeleka hadi karibu na lango kisha wanaurudisha nyuma. Mwisho wa mechi ilikuwa 8-1, Dhyan Chand akiwa amefunga matatu na Dara mawili. Bao lile la Wajerumani ndilo pekee ambalo India ilifungwa katika mashindano hayo yote.

Katika kikosi hicho cha Berlin walikuwamo Dara, Jaffar, Shahabuddin, Mohammed Hussain na Ahmed Sher Khan, Waislamu, pamoja na Wahindu, Masingasinga na Wakristo. Walikula pamoja, wakasafiri pamoja, wakashinda pamoja. Hakuna aliyejua kwamba tarehe ile ile, 15 Agosti, ingerudi baada ya miaka 11 ikiwa na furaha na msiba kwa pamoja.

MPAKA ULIOPITA KATIKATI YA TIMU

Vita vya Pili vya Dunia viliifuta michezo ya mwaka 1940 na 1944, na kwa hivyo miaka ambayo Dhyan Chand angeweza kuongeza medali nyingine ikapotea. Mwaka 1943, baada ya miaka 21 ya utumishi, alipewa cheo cha uofisa.

Tarehe 15 Agosti 1947 India ikapata uhuru, na siku moja kabla yake Pakistan ilikuwa imezaliwa. Mpaka mpya ulipita katikati ya Punjab na katikati ya nyumba za watu. Mamilioni walihama makwao na mamia ya maelfu waliuawa, Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Mpaka huo ulipita katikati ya timu pia. Hata Punjab ya 14, kikosi alichokitumikia Dhyan Chand kwa miaka mingi, kilipangiwa jeshi la Pakistan. Mwaka 1948, katika michezo ya London, India ilitwaa tena dhahabu, na Pakistan ikashika nafasi ya nne katika Olimpiki yake ya kwanza. Nahodha wa Pakistan alikuwa Ali Dara, yule kijana aliyeitwa kwa simu kwenda Berlin.

Ni katika miezi hiyo ya majonzi ndipo Dhyan Chand alipofika kwetu. Jumuiya ya michezo ya Waasia wa Afrika Mashariki iliomba India ipeleke timu, lakini kwa sharti moja: kama Dhyan Chand hayumo, timu isije. Alikuwa na miaka 42 na mwili umeanza kuchoka. Alikubali, akapewa unahodha, na tarehe 15 Desemba 1947 msafara ukatia nanga Mombasa. Katika ziara hiyo alicheza mechi 22 na kufunga mabao zaidi ya 60, akiwa pamoja na vijana kama K. D. Singh, maarufu kwa jina la Babu, ambaye mwaka 1952 alikuwa nahodha wa India iliyotwaa dhahabu huko Helsinki.

Mpira wa magongo ulikuwa na wapenzi wengi miongoni mwa Wahindi, Masingasinga na Wagoa wa miji yetu, nao ulizidi kustawi. Kenya ilishiriki Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na mwaka 1971 ikashika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, huko Barcelona. Tanzania nayo ilipeleka timu Moscow mwaka 1980, na japokuwa ilifungwa 18-0 na India, ambayo ndiyo iliyotwaa dhahabu mwaka huo, jina lake limeandikwa katika daftari la mchezo huo.

MIAKA YA MWISHO

Baada ya kurudi kutoka Afrika Mashariki, Dhyan Chand aliacha polepole mashindano makubwa. Mwaka 1952 alichapisha kitabu cha maisha yake. Mwanzoni kabisa mwa kitabu hicho alijitambulisha kuwa mtu wa kawaida, kisha askari, aliyelelewa tangu utotoni kujiepusha na kutangazwa. Mwaka 1956 alistaafu jeshi, na mwaka huo huo serikali ya India ikamtunukia nishani ya Padma Bhushan. Watu waliendelea kumwita Meja. Alifanya kazi ya ukocha kwa muda katika taasisi ya michezo ya Patiala, kisha akarudi Jhansi.

Mabao zaidi ya 400 ya kimataifa hayakumletea mali. Mchezo wa siku zile haukuwa na mishahara ya mamilioni, na pensheni ya askari ilikuwa pensheni ya askari. Inasimuliwa kwamba alipata kwenda kutazama mashindano katika mji mmoja akazuiwa mlangoni, kwa sababu aliyekuwa akilinda hakumjua.

Furaha ilimjia mwaka 1975. Katika Kombe la Dunia huko Kuala Lumpur, India ilikuwa karibu kutolewa na Malaysia katika nusu fainali, na aliyeingia akasawazisha alikuwa Aslam Sher Khan, mtoto wa Ahmed Sher Khan wa Berlin. Kisha katika fainali dhidi ya Pakistan, bao la ushindi wa 2-1 lilifungwa na Ashok Kumar, mtoto wa Dhyan Chand. Watoto wa wachezaji wawili wa mwaka 1936, Mwislamu na Mhindu, wakaupokea mpira kutoka kwa baba zao. Lakini mwaka uliofuata, huko Montreal, India ilishika nafasi ya saba, ikarudi bila medali kwa mara ya kwanza tangu ile safari ya 1928. Mzee huyo akaishi kuyaona hayo pia.

Roop Singh alitangulia kufariki mwaka 1977. Miaka miwili baadaye Dhyan Chand aliugua saratani ya ini, akapelekwa katika hospitali moja kubwa mjini Delhi. Walio karibu naye wamesimulia kwamba alilazwa kwanza katika wodi ya watu wote, hadi gazeti lilipoandika habari zake ndipo akahamishiwa chumba chake mwenyewe. Alifariki dunia tarehe 3 Desemba 1979, akiwa na miaka 74. Mwili wake ulirudishwa Jhansi ukafanyiwa mazishi ya kimila ya Kihindu pembeni ya kiwanja cha mpira, na jeshi likampa heshima zote za kijeshi.

MAZINGATIO

Baada ya kufa kwake heshima zilikuja kwa wingi. Uwanja wa taifa wa mjini Delhi ulipewa jina lake mwaka 2002. Siku yake ya kuzaliwa, 29 Agosti, ikawa Siku ya Michezo ya taifa la India. Mwaka 2021 tuzo kubwa kuliko zote za wanamichezo wa nchi hiyo ikabadilishwa jina ikaitwa kwa jina lake. Hatusemi kwamba heshima hizi si kitu. Umma unaowakumbuka watu wake wema ni umma wenye kheri. Lakini jina juu ya ukuta wa uwanja halimfikii aliyelala katika wodi ya watu wote akingoja nani atapita kumjulia hali.

Ndugu msomaji, wahenga wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dhyan Chand alisifiwa nusu ya dunia, na tembo lake hakulitia maji mpaka mwisho. Alipoagwa na watu watatu alicheza kwa uwezo wake wote. Alipopokewa na maelfu alirudi kambini kuendelea na kazi. Alipokuwa na uwezo wa kufunga peke yake aliutoa mpira kwa mwenzake. Hayo ndiyo ya kuwafunza vijana wetu wanaotafuta jina katika viwanja vya leo.

Na sisi wengine, tusiokuwa wachezaji, tunalo fungu letu. Katika kila mtaa wetu yuko mzee aliyewahi kuitumikia jamii: mwalimu aliyetufundisha kusoma, mkunga aliyewapokea watoto wa mtaa mzima, mchezaji wa zamani ambaye jina lake liliwahi kuimbwa na sasa ameketi barazani peke yake. Wengi wetu tutajaa siku ya maziko yake, tutagombea kulishika jeneza, na tutamsifu kwa maneno mazuri ambayo yeye hatayasikia. Laiti tungetanguliza ziara moja, kilo moja ya sukari, au saa moja ya mazungumzo, sasa hivi angali anatusikia. Maelfu walikuja bandarini baada ya medali kupatikana, na hakuna anayekumbuka majina yao. Wale watatu waliofika mapema ndio tunaowataja leo, takriban miaka mia moja baadaye.

Kila mmoja wetu na ajiulize atakuwa katika kundi lipi. Tukijaaliwa uzima, tukutane Ijumaa ijayo.